Shahidi wa Bi Saumu

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa masikio ya kivuli.

Mwanamke mmoja alikuwa ametoka mlangoni kwetu kazini na nywele mpya, nywele nyingi zilizomfika mabegani, na jua lilikuwa nyuma yake. Kivuli chake kilimtangulia kwenye ukuta wa jirani. Kilikuwa na mabega, kilikuwa na shingo, kilikuwa na masikio mawili yaliyochomoza pembeni kama vishikio vya sufuria. Nywele hakikuwa nazo. Nilisimama na ndoo mkononi, nikakitazama, nikamtazama yeye, nikarudi kukitazama. Sikumwambia mtu. Lakini jambo ambalo mmoja ameliona kimya, wengine nao huwa wameliona kimya, na haukupita muda kuta zote za mji zikapakwa rangi nyeusi. Hakuna aliyetoa sababu. Watu walipaka kuta zao huku wakizungumza habari za mvua.

Ndivyo mji wetu ulivyokuwa mji usio na vivuli. Na mimi nikabaki na swali nisilokuwa na wa kumuuliza. Kati ya mtu na kivuli chake, yupi anamjua mwenzake?

Sijui nywele zilikwisha lini. Waliotutangulia hawakubaliani. Wengine husema zilitoka polepole, zikabaki kwenye mito ya kulalia na kwenye maji ya kuogea, mpaka siku moja mtu akashika chanuo akasahau ni la nini. Wengine husema ziliondoka asubuhi moja kama ndege walioshtuliwa. Mimi nilizaliwa zimeshakwisha. Nilichokikuta ni kazi ya kuzificha, au niseme kuficha pale zilipokuwa.

Kwanza vilikuwapo vilemba na mitandio. Kisha zikaja nywele za katani iliyotiwa rangi, nazo zilinuka kila mvua ikinyesha, watu wakapishana barabarani wakijifanya hawana pua. Yakaja masizi na wanja, mtu akichorwa nywele mojamoja kwa ncha ya kijiti, na jua likiwaka nywele hizo zilitiririka mashavuni. Zikaja nukta za sindano zilizoingizwa ndani ya ngozi. Hizo hazikutiririka, lakini hazikuzeeka pia, na ilitisha kumwona kizee ana nukta za kijana juu ya ngozi iliyokunjamana, kama mtu aliyevaa nguo ya marehemu mwanawe. Ukaja unga uliotikiswa kutoka kwenye kopo, na chafya moja iliutosha. Kila njia ilipokuja ilitangazwa kuwa ndiyo ya mwisho.

Ndipo ukaja ukungu.

Ukungu huchemshwa kwenye sufuria pana, katika Nyumba ya Bwana Shaame. Ukiwa tayari ni mweupe, mzito, hauna harufu, na unasikia. Ndiyo, unasikia. Mtu hukaa kwenye kigoda, ukungu humwagwa juu ya kichwa chake, na mbele yake hukaa shahidi. Shahidi ni mtu aliyemwona zamani akiwa na nywele. Shahidi husema zilivyokuwa, na ukungu hushika maneno yale mpaka yakawa nywele. Akisema zilikuwa laini, zinakuwa laini. Akisema zilikatika upande wa kushoto kwa kufunga mizigo, zinakatika upande wa kushoto. Shahidi akidanganya, ukungu hugeuka maji na kumchuruzikia mtu mpaka mgongoni. Kila mwezi ukiandama nywele hizo huyeyuka, na shahidi hurudi kusema tena. Shahidi akifa, zinaondoka naye papo hapo.

Kwa hiyo mjini kwetu mtu hakuombea afya yake. Aliombea ya shahidi wake.

Kazi yangu ilikuwa kukoroga. Wakorogaji tulikuwa sisi tuliozaliwa nyuma, tusioonwa na mtu yeyote tukiwa na nywele, na asiye na shahidi hakuwa na kazi nyingine mjini. Tulivaa vilemba vyeupe, na kilemba cheupe hakikuguswa na Wapima Vichwa. Sharti lilikuwa moja, mkorogaji asiseme kitu karibu na sufuria, kwa sababu ukungu hauchagui sauti. Sharti hilo halikunisumbua. Tangu utotoni maneno yalikuwa yakinifika kwenye meno yakarudi yalikotoka. Shuleni mwalimu aliponiuliza jina langu nilimwonyesha kwa kidole mtoto wa jirani yangu alitaje yeye. Mwishowe niliacha kwenda, na hakuna aliyegundua mapema, maana hata nilipokuwapo sikuwapo.

Jina langu ni Mwantumu.

*

Wapima Vichwa walipita mitaani na ufito. Waliuingiza ufito kwenye nywele za mtu, wakautazama umezama kiasi gani. Aliyekutwa hana kitu alipelekwa Ng'ambo ya Ukuta, na tangu siku hiyo watu walizungumza kama hakuwahi kuzaliwa. Mahali pake kwenye mkeka pakazibwa. Watoto wake wakaitwa watoto wa mtu mwingine.

Mama yangu, Bi Hadiya, alikuwa na shahidi mmoja tu aliyebaki hai. Alikuwa Bi Saumu, mke mwenzake. Na Bi Saumu naye, kati ya wote waliopata kumwona na nywele, alikuwa amebakiwa na mama peke yake. Baba yangu alikuwa amekufa. Dada zao walikuwa wamekufa. Walibaki wawili, kila mmoja na nywele za mwenzake kinywani.

Mimi nilimwita Bi Saumu Mama Mdogo. Mji mzima ulijua kuwa hawapatani. Mwezi ukiandama watu waliwahi kuja Nyumbani kwa Bwana Shaame hata wasio na haja, wakakaa kwenye mabenchi kuwasubiri.

"Hujafa tu, Hadiya?" Mama Mdogo alisema akiingia.

"Nife nikuachie nani wa kukusema, bibi harusi?"

"Usinikumbushe harusi. Ulikuja umenuna mpaka wapishi wakadhani wali umeungua."

"Uliungua. Walikuwa wanaogopa kukwambia."

Watu kwenye mabenchi walianza kucheka. Mama alijikalisha kwenye kigoda, nikammwagia ukungu, Mama Mdogo akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Leo nakupa zile za mwaka uliougua surua."

"Nipe. Na mimi nikupe zile ulizokuja nazo kwa mume, zimejaa chawa."

"Chawa wa nani? Si nililalia mto wako!"

Ukungu haupokei uongo, lakini kumbukumbu ni nyumba yenye vyumba vingi, na shahidi ndiye anayechagua mlango wa kufungua. Mama Mdogo akiwa na hasira alifungua chumba cha surua, na mama alitoka na vishungi vitatu vinne vya nywele nyekundu, akatembea navyo mwezi mzima akisema kwa sauti, "Ngojeni zamu yangu." Lakini zilikuwapo siku nyingine. Zilikuwapo siku ambazo Mama Mdogo alitazama kwanza juu ya kichwa cha mama kama anayetazama mbali, halafu akasema taratibu:

"Nywele za Hadiya zilikuwa nyeusi, nzito, kaidi. Chanuo la mti lilivunjikia humo jino. Akizifumua zilisimama, akamwambia mume, usinisogelee, naota moto. Nyuma ya shingo alikuwa na kishungi kimoja kilichojikunja peke yake, hakitaki kusukwa na wenzake. Nilikuwa nakibana kwa kidole."

Na ukungu ulipanda, ukasimama, ukawa mweusi, na nyuma ya shingo ya mama kikajikunja kishungi.

Siku hizo mama alikuwa mdogo kuliko mimi. Uso haukubadilika, lakini uso hufuata kilicho juu yake. Alijitazama kwenye kioo, akageuka, akanitazama nikiwa na mwiko wangu, na kwa muda mfupi hakunijua. Mwanamke yule wa wakati ule alikuwa bado hajazaa. Aliniita, "Wewe msichana," akaniomba maji. Nilimletea. Nilikaa nikimtazama mama yangu ambaye hajanizaa bado akinywa maji, na nikajiuliza, kama mtu ni kile ambacho mwingine amekiona, basi anayekaa kwenye kigoda ni nani? Na anayekwenda msalani ni nani? Mtu akiwa peke yake chumbani, mlango umefungwa, hakuna anayemsema, anabaki na nini? Labda hakuna mtu kabisa. Labda ni kigoda tu kinachosubiri.

Na asiyeonwa na yeyote? Mimi?

Nilikoroga.

*

Mama alianza kuumwa msimu wa vumbi. Mwanzo alisema ni uchovu. Halafu kifua kikaanza kupiga mluzi, na alipokuja kumsema Mama Mdogo sauti ilikatika katikati, nywele za Mama Mdogo zikaota upande mmoja tu.

"Umeniacha nusu makusudi," Mama Mdogo alisema.

"Nusu ndiyo inayokustahili."

Hakuna aliyecheka kwenye mabenchi. Watu walitazama chini.

Siku ile Bwana Shaame alituita mimi na Mama Mdogo kwenye chumba cha nyuma. Bwana Shaame alikuwa mtu mpole, mwenye mikono safi, na alipenda kuzungumza habari za siku zijazo kama mtu anayezungumza habari za shamba lake mwenyewe.

"Bi Saumu," alisema, "tuseme kweli. Mwenzako akiondoka, unaondoka naye. Si hivyo? Haya mambo ya mashahidi yamepitwa na wakati. Siku zijazo hakuna shahidi. Mtu atajipaka mwenyewe chumbani kwake, amejifungia. Hamwombi mtu, hamgojei mtu, hasikii kero za mke mwenza. Nywele zitajijua zenyewe."

"Hizo siku zijazo ziko wapi?" Mama Mdogo aliuliza.

"Zimeshafika. Ingieni."

Alifunua pazia. Nyuma yake alikaa mwanamke ambaye nywele zake sijawahi kuziona mfano. Zilishuka mpaka kiunoni, zinang'aa, hakuna unywele uliopotoka. Mama Mdogo alimzunguka kama anayenunua kitanda. Halafu akainama mbele yake.

"Hujambo, bibi?"

"Nzuri, asante," mwanamke akasema.

"Nimekuuliza hujambo. Jina lako nani?"

"Nzuri sana, asante." Akazipapasa nywele zake.

"Una watoto?"

"Asante."

"Bibi, mimi nimesimama juu ya kidole chako."

"Nzuri sana," mwanamke akasema, akatabasamu, na machozi yalikuwa yakimtoka kwa ajili ya kidole, lakini uso haukuwa na habari.

Mama Mdogo aliondoa mguu wake. Akamgeukia Bwana Shaame. "Umemfunika kichwa huyu, au umemfunika mwenyewe?"

"Ni dosari ndogo. Toleo lijalo litakuwa limerekebishwa."

"Na wa toleo hili?"

Bwana Shaame akateremsha pazia. "Basi tafuta shahidi mwingine. Njia ni hizo mbili." Akanigeukia. "Huyu si alikulia nyumbani kwenu?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Nilitaka kusema kwamba nilizaliwa nyuma, kwamba sikuziona nywele za mtu yeyote. Maneno yakafika kwenye meno. Mama Mdogo akanishika mkono, akanivuta nje kwenye uchochoro, kwenye ukuta mweusi.

"Sikiliza, mtoto wa Hadiya. Sikuombi kitu. Umesikia? Shahidi akishindwa kuleta nywele anapelekwa Ng'ambo pamoja na mtu wake. Ndiyo sheria. Wewe una kilemba chako. Kaa nacho."

Akaenda zake. Alitembea akiwa amenyooka, nywele zake za nusu upande mmoja, na watu wakampisha.

Nilisimama pale muda mrefu nikiwaza habari za yule mwanamke wa nyuma ya pazia. Niliona nimeziona siku zijazo, na siku zijazo hazikuwa na giza kama nilivyodhani. Zilikuwa na mng'aro. Ni watu wamekaa kila mmoja nyuma ya pazia lake, wamependeza, hawana haja na mtu, na ukiwakanyaga wanasema asante. Tulizowea kuwaonea huruma wale wawili kwa kufungwa pamoja kama mbuzi wawili kwenye kamba moja. Lakini kamba nayo ni kitu. Mbuzi akiikata anakwenda wapi?

*

Mama alikufa mchana, dirisha liko wazi, mtu anauza dagaa nje.

Kabla ya hapo aliniita nisogee. Nilidhani ataniusia mambo ya mwanamke na mwanawe. Alisema, "Mwangalie yule."

"Nani, mama?"

"Yule mjinga." Alivuta pumzi. "Hawezi kulala peke yake. Anaogopa panya."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Mama Mdogo alikuwa amekaa mguuni mwa kitanda, ameyasikia, akajibu, "Nani anaogopa panya?" akangoja arudishiwe jibu. Hakurudishiwa. Na tulipokuwa tunangoja, niliona nywele za Mama Mdogo zikianza kunyanyuka. Hazikuanguka. Zilipanda juu kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa, zikatanda darini kwa muda mfupi, zikapita dirishani. Kilibaki kichwa chake, kidogo, cha duara. Ndivyo tulivyojua kwamba mama amekwisha.

Lakini za mama zilibaki. Shahidi wake alikuwa hai. Alilala pale amekufa, na nywele zake ni nyeusi, nzito, kaidi, na nyuma ya shingo kishungi kimejikunja.

Wanawake wa mtaa walikuja kumwosha. Walipomwona Mama Mdogo hana kitu kichwani waliinamisha macho, mmoja akamtupia kanga ajifunike. Aliirudisha.

"Mnaona haya ya nini? Kipara hakiambukizi. Mimina maji, wewe."

Alimwosha mwenyewe. Alizifumua nywele za mama, akazitia maji, akazichana, akazigawa mafungu matatu kama maiti wa kike anavyosukwa, akaanza kusuka. Alisuka vizuri, bila haraka, huku akisemezana naye kwa chini. "Tulia. Usivute kichwa. Siku zote wewe ni wa kuvuta kichwa." Kishungi cha nyuma hakikukubali kuingia kwenye msuko. Alikibana kwa kidole, kikatoka. Akakibana tena. Mwishowe akakiacha, na hapo ndipo alipolia, mdomo umefunguka bila sauti, na wanawake wakatoka mmoja mmoja wakatuacha.

Tulimzika na nywele zake. Nilikuwa nikifikiri, wakati udongo unashuka, kwamba chini mle kuna kitu kilicho hai kwa sababu mtu aliyesimama hapa juu anakikumbuka. Na huyu aliyesimama hapa hana wa kumkumbuka. Nani basi amezikwa?

Swali hilo halikuniacha siku zote za matanga. Lilikaa nami kwenye mkeka. Watu walikula, wakaondoka. Kila aliyeondoka alimpita Mama Mdogo pembeni kama anavyopita mtu penye nguzo.

*

Walikuja matanga yalipoanuliwa. Walikuwa wawili, mmoja ana ufito, mwingine hana kitu, amekuja kutazama. Nyuma yao alikuja Bwana Shaame na sufuria dogo la ukungu, kwa sababu sheria humpa kila mtu nafasi moja ya kusemwa kabla ya kupelekwa. Wenye nyumba za jirani walisimama milangoni. Mama Mdogo alikuwa ameshakaa kwenye kigoda katikati ya ua. Alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu na kufunga kifurushi kidogo, nacho kilikuwa miguuni pake.

"Nani shahidi wa huyu?" akauliza mwenye ufito.

Mwenye ufito akaugonga ufito chini.

"Nimeuliza nani shahidi."

"Amekufa," Mama Mdogo alisema. "Alikuwa na haraka. Twendeni."

"Mimi," nikasema.

Sikuitambua sauti. Bwana Shaame aligeuka. Mama Mdogo alinikazia macho, akaniambia kwa midomo tu, nenda zako. Lakini mwenye ufito alikuwa ameshanionyesha kiti, nikakaa, magoti kwa magoti, na ukungu ukamwagwa juu ya kile kichwa.

Nilikuwa nimeyatayarisha maneno. Siku zote za matanga nilikuwa nikiyasuka, nikichukua kipande cha nywele za mteja huyu na kipande cha yule, nilivyosikia kwa miaka nikiwa kwenye sufuria. Nilisema, "Nywele za Mama Mdogo zilikuwa ndefu. Zilikuwa laini. Zilikuwa na rangi ya…"

Ukungu ukawa maji. Ulimchuruzika kwenye paji la uso, ukaingia machoni, ukalowesha kola ya gauni la sikukuu.

"Lo," Mama Mdogo akasema, akijipangusa. "Hata uongo hujui. Mama yako kwa uongo ule ule angenitoa na nywele za magotini."

Mtu mmoja mlangoni akacheka, akajizuia.

"Mkorogaji," akasema mwenye ufito, "maji hayo ni ya kwanza. Ukungu kidogo umebaki kichwani. Ukisimama sasa ukasema hukumwona, unarudi kazini na kilemba chako. Ukiendelea ukashindwa, unafuatana naye."

"Simama, Mwantumu," Bwana Shaame alisema kwa upole. "Sema hukumwona. Si kosa. Ulizaliwa nyuma. Toleo lijalo, Mungu akipenda, hata wewe nitakuwekea."

"Simama," Mama Mdogo alisema. Hakuwa akitania sasa. "Mimi najua njia. Nikifika nitalala, basi. Panya wako kila mahali."

Nilitazama kile kichwa. Kilikuwa na maji, na penye maji kilimetameta, na kando ya sikio palikuwa na kovu dogo, na mshipa mmoja mwembamba ulipanda kutoka kwenye paji mpaka utosini ukipigapiga. Nilijua kila kitu kilichokuwapo pale. Hakuna mtu mjini aliyekijua kichwa kile kama mimi. Na maneno yalifika kwenye meno, nikangoja yarudi kama kawaida yake, na hayakurudi.

"Nilimwona," nikasema. "Sikuwahi kumwona na nywele. Nilimwona hana. Ilikuwa enzi ya vilemba, mimi mdogo, mchana wa jua kali, watu wamelala. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko, na Mama Mdogo nyuma yake juu ya mbuzi ya nazi. Vilemba vyao walikuwa wameviweka chini, kimoja ndani ya kingine. Mama Mdogo alikuwa na kibakuli cha mafuta ya nyonyo. Alikuwa akimpaka mama kichwani kwa kiganja, taratibu, nyuma ya masikio, mpaka shingoni, kama mtu anayepaka kitu ambacho ni chake. Halafu wakabadilishana. Mama akampaka yeye. Hawakutukanana. Mama alimwambia, kichwa chako kizuri, Saumu, na Mama Mdogo akacheka, akajiziba mdomo jirani wasisikie. Nilikuwa nyuma ya pipa la maji. Walifanya hivyo kila mchana, wakimaliza wanafunga vilemba na kutoka barazani kugombana, nanyi nyote mkawa mnawasikiliza. Ukungu ulipokuja wakaacha. Hapakuwa na sababu tena ya kupakana. Hawakugusana tena mpaka siku ya kumwosha. Na aliyeukoroga ukungu huo ni mimi, mwezi baada ya mwezi, na mwezi baada ya mwezi nilitaka kumwambia mama nikashindwa, kwa hiyo namwambia sasa, mbele yenu, yeye hayupo. Mama, sikuzitaka zile nywele. Ulikuwa ukizivaa hunijui. Nilikitaka kile kichwa cha mchana. Nilitaka uniite kutoka nyuma ya pipa, unikalishe katikati yenu, na mimi nipakwe."

Ukungu uliobaki haukugeuka maji wala nywele; ulitulia juu ya kile kichwa kama mafuta.